Masurufu ya Mwaka wa 2015 kwa Kijana wa Leo: Je, Amri ya Matunzo Yaweza Kuongezwa Mtoto Akikua?

Mwanzisha uzi, Likoni

Assalamu alaikum, na kwa wengine hamjambo. Naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo, kwa kuwa jambo lenyewe halielezeki kwa sentensi mbili.

Mwaka wa 2015, baada ya kuachana kwa talaka mbele ya kadhi na baba wa mwanangu, Mahakama ya Watoto ya Tononoka hapa Mombasa ilitoa amri kwamba baba atoe shilingi 5,000 kila mwezi kwa matunzo ya mtoto, nami nigharimie nyumba na chakula. Mtoto alikuwa na umri wa miaka minne. Alikuwa akinywa uji asubuhi na mchana, nguo zake nyingi zilikuwa za kurithi kwa binamu zake, na chekechea ya mtaani ilitoza karo ambayo hata muuza mahamri angeweza kuilipa. Nasema hivyo kwa sababu muuza mahamri huyo ni mimi, na nililipa. Siku ile nilitoka mahakamani nikiwa nimeridhika kabisa.

Leo ana miaka kumi na mitano. Amenipita kimo, sauti yake imekuwa nzito kiasi kwamba shangazi yake akipiga simu hudhani kuna mgeni wa kiume nyumbani, na miguu iliyokuwa ikivaa viatu namba 39 mfungo wa mwaka juzi sasa inavaa namba 43. Amri ya mahakama haijabadilika hata herufi moja.

Nataka niwe mwadilifu katika kusimulia. Baba yake hajakosa hata mwezi mmoja. Kila tarehe tano ujumbe wa M-Pesa huingia, shilingi 5,000 kamili. Najua wapo akina mama humu ambao wangefurahi kupata hata nusu ya uaminifu huo, na ndiyo sababu nimechelewa kuandika, kwa kuona haya. Lakini wakati amri ile ilipotolewa yeye alikuwa kibarua wa kupakua mizigo, siku ana kazi na siku hana. Sasa ameajiriwa kwa kudumu, anapata hati ya mshahara kila mwezi, na ana pikipiki mbili za boda boda ambazo zinamwingizia chochote kila jioni. Mimi bado ni yule yule wa mahamri na viazi vya karai.

Mambo yaliharibika kijana alipoitwa shule ya kitaifa ya bweni kuanza gredi ya kumi. Karo iliyoidhinishwa na serikali ni shilingi 53,554 kwa mwaka, na karibu nusu yake hutakiwa muhula wa kwanza. Ikaja na karatasi ya mahitaji, nyuma na mbele: godoro, sanduku la bati na kufuli zake, blanketi, shuka za rangi moja, ndoo yenye kifuniko, sare mbili kamili, sweta, raba za michezo, kamusi, seti ya hesabu, kikokotoo. Niliiweka juu ya meza ya kukandia unga, nikawa natia alama kwa kalamu kila nilichokipata Kongowea, na kufikia wiki ya mwisho ya likizo alama zilikuwa saba katika mistari ishirini na tatu. Karatasi hiyo bado ninayo, ina doa la mafuta pembeni.

Nilimpigia baba yake. Hakunitukana. Alisema, kwa utulivu kabisa, kwamba yeye analipa alichoambiwa na mahakama, na nikitaka zaidi nikamwulize hakimu. Nilimkasirikia wiki nzima, kisha nikatambua ya kuwa katika watu wote niliowaendea, yeye ndiye aliyenipa ushauri wa maana. Maana ndugu yangu mmoja, ambaye nampenda, aliniambia niachane na shule ya mbali, kijana apewe moja ya pikipiki za baba yake ajitafutie, kwa kuwa mwenye ndevu si mtoto tena.

Nimesoma Ibara ya 53 ya Katiba, inayosema kwamba kila mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi, na kwamba mama na baba wana wajibu sawa wa kumkimu, wawe wameoana au hawakuoana. Nimeona pia kwamba Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2001, iliyotumika katika kesi yetu, ilifutwa na Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022. Ninachotaka kujua ni hiki: je, amri ya zamani inaweza kufunguliwa tena na kuongezwa? Nikiomba hivyo, nitaonekana mwenye tamaa mbele ya hakimu, hali yakuwa mwenzangu amelipa bila kukosa? Na kijana wangu atalazimika kusimama mahakamani kumshitaki baba yake?

Baba wa watoto watatu, Kisauni

Dadangu, pole, na nimependa kwamba umemtendea haki mwenzako katika maelezo yako. Wengi hawafanyi hivyo.

Niruhusu niseme upande ambao hausikiki sana. Mimi nilikuwa dereva wa lori la makontena kutoka bandarini kwenda Nairobi. Amri yangu ya matunzo iliandikwa wakati kazi ilikuwa nzuri, shilingi 18,000 kwa watoto wawili. Mwaka wa 2018 mizigo ilipoanza kupelekwa kwa treni ya SGR, kampuni nyingi za malori hapa Mombasa zilipunguza watu, nami nikawa miongoni mwao. Ajabu ni kwamba mshahara uliondoka lakini ile 18,000 ilibaki. Nilituma nilichoweza, mwezi huu elfu sita, mwezi ujao elfu nne, nikidhani kila mtu anaona hali ilivyo. Mwaka wa 2020 nikaletewa wito wa kwenda kueleza kwa nini nisifungwe kwa deni la matunzo.

Binti yangu mkubwa sasa ana miaka kumi na sita. Kwa kuwa sikuwa na pesa, kwa muda mrefu sikupewa nafasi ya kumwona. Nikija mlangoni naulizwa nimekuja na nini. Baadaye nilipopata kazi ya kuendesha tuktuk na kuanza kutuma tena, mtoto alikuwa amekwisha kunizoea kama mtu wa kwenye simu. Akinipigia, sentensi ya kwanza ni ya pesa, na mimi simlaumu, ndivyo alivyofundishwa kunijua. Basi swali langu kwa wenye ujuzi: kama amri inaweza kupandishwa, je, inaweza pia kushushwa? Na je, baba asiye na pesa anapoteza haki ya kumwona mwanawe?

Msaidizi wa kisheria, Mvita

Nimekuwa nikiwasindikiza watu katika mahakama ya Tononoka kwa miaka kadhaa. Mimi si wakili, na kila kesi ina mambo yake, lakini maswali haya mawili ni yale yale ninayoulizwa kila wiki kwenye mabenchi ya nje, kwa hiyo nitayajibu kwa pamoja.

Dadangu wa Likoni, amri ya matunzo si hati ya kumiliki ardhi. Mahakama iliyoitoa ina uwezo wa kuirekebisha, kuisimamisha au kuifuta pindi hali inapobadilika, na hali inayohusika ni ya pande zote tatu: ya mama, ya baba na ya mtoto mwenyewe. Mtoto kutoka miaka minne hadi kumi na mitano, na kutoka chekechea hadi shule ya bweni, ni badiliko ambalo halihitaji shahidi. Hutaonekana mwenye tamaa. Kumbuka tu kwamba huombi kumwadhibu baba. Katika hati yako ya kiapo andika wazi kwamba amelipa bila kukosa, kwa sababu hakimu ataliona hilo hata usipoliandika, na ukweli wako utakujengea imani katika mengine utakayoyasema.

Kakangu wa Kisauni, kwa hivyo ndiyo, amri inaweza kushushwa pia. Kosa lako halikuwa umaskini, bali ulikaa kimya. Siku mshahara ulipokatika ndiyo siku uliyopaswa kwenda masjala na barua ya kuachishwa kazi, ukaomba amri ipunguzwe. Mahakama haiwezi kujua kwamba umeachishwa kazi kama hujaiambia, na kila mwezi unaopita bila ya ombi, deni linaongezeka kwa kiwango cha zamani. Deni la matunzo lina nguvu kali: mahakama inaweza kuamuru likatwe moja kwa moja kwenye mshahara, inaweza kuamuru mali ishikwe, na inaweza kumtaka mdaiwa aeleze kwa nini asipelekwe jela ya madeni. Nimewaona wanaume wakiingia kwenye chumba kile na kutoka kwa mlango mwingine, na wengi wao hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu waliodhani kwamba kutuma kidogo ni sawa na kupunguziwa.

Kuhusu kumwona mtoto, haya ni mambo mawili mbalimbali na watu hupenda kuyafunga pamoja. Haki ya kuwa na uhusiano na mzazi ni ya mtoto. Mama hana ruhusa ya kumzuia mtoto kwa sababu pesa hazijaingia, na baba hana ruhusa ya kuzuia pesa kwa sababu hajaonyeshwa mtoto. Kila mmoja akiwa na malalamiko, ayapeleke kama ombi la peke yake.

Sasa tuje kwenye neno "wajibu sawa", ambalo limeleta ugomvi mwingi. Akina baba wengine huja na kikokotoo wakidai gharama zote zigawanywe nusu kwa nusu, hata kama mama anauza mahamri na wao wana mshahara. Majaji wa Mahakama Kuu wamelifafanua mara nyingi: usawa ni wa wajibu, si lazima uwe wa shilingi. Mahakama hutazama mapato ya kila mzazi na uwezo wake wa kupata mapato, madeni na wategemezi wengine alio nao, mahitaji ya mtoto, afya yake au ulemavu kama upo, na namna mtoto alivyokuwa akisomeshwa au alivyotarajiwa kusomeshwa. Jambo hilo la mwisho ni muhimu sana kwa vijana. Kwa mtoto wa miaka minne hakimu anakisia. Kwa kijana wa miaka kumi na mitano kuna barua ya shule yenye mhuri. Na kazi ya mzazi anayeishi na mtoto, kupika, kufua, kumpeleka hospitali usiku, nayo huhesabiwa kuwa mchango, ingawa haina risiti.

Kwa hiyo, dadangu, karatasi yako yenye doa la mafuta usiitupe. Ambatanisha barua ya kuitwa shule, muundo wa karo, risiti ulizo nazo, taarifa ya M-Pesa ya miezi kadhaa inayoonyesha biashara yako na pia zile 5,000 zinapoingia, na nakala ya amri ya 2015. Ombi linaingia katika faili ile ile, chini ya nambari ile ile ya kesi. Usifungue kesi mpya. Kama huna mshahara wa baba kwa maandishi, mahakama inaweza kumwamuru alete hati zake mwenyewe. Usikisie mapato yake kwa kuyakuza. Nimeona maombi mazuri yakiyumba kwa sababu mama aliapa kwamba baba ana maduka matatu, na ikabainika ni kibanda kimoja cha kaka yake.

Kabla ya yote hayo, nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo ya Likoni. Huduma yake hailipiwi. Atamwita baba, na mkikubaliana, makubaliano huandikwa, mkatia sahihi, na yanaweza kupelekwa mahakamani yakawa na nguvu ya amri. Ikiwa hamtakubaliana, na wakili humwezi, hapa Mombasa kuna ofisi za FIDA, chama cha mawakili wanawake, Kituo cha Sheria na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Kesi za watoto husikilizwa faraghani na jina la mtoto halitangazwi. Kijana wako hatakuwa mshitaki wa mtu yeyote. Ila sheria inasema maoni ya mtoto yasikilizwe kulingana na umri na ukomavu wake, na katika umri wa miaka kumi na mitano hakimu au afisa anaweza kutaka kuzungumza naye pembeni.

Mzee wa Mji wa Kale

Binti yangu wa Likoni, na mwanangu wa Kisauni, nimesoma na nimenyamaza kwanza. Niongeze maneno machache tu kwa upande wa dini, kwa kuwa naona wengi hapa ni Waislamu na baadhi ya wanaume hupenda kujificha nyuma ya sheria ya dini wasiyoisoma.

Nafaqa ya mtoto, yaani matunzo yake, iko juu ya baba yake, na kiwango chake ni ada ya mahali na uwezo wa mtu: mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyedhikika atoe katika kile alichopewa na Mwenyezi Mungu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kiwango kikishatamkwa kimeganda. Watu wakumbuke kisa cha Hind, mke wa Abu Sufyan, aliyemlalamikia Mtume kwamba mumewe ni mzito wa mkono. Aliambiwa achukue kinachomtosha yeye na mwanawe kwa wema. Neno ni "kinachomtosha", na kinachomtosha mtoto wa kunyonya si kinachomtosha barobaro. Wala talaka haimwondolei baba wajibu huo. Anayeachwa ni mke.

Kuhusu kwenda kwa kadhi au Tononoka, Ibara ya 170 ya Katiba imewapa makadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa hapo. Mahakama ya watoto haiulizi dini ya mtoto. Talaka yako ilipita kwa kadhi, binti yangu, na matunzo yakapita Tononoka, na hakuna aibu wala uasi katika hilo. Kuna wanaume huwatisha wake zao wa zamani kwamba kwenda mahakama ya serikali ni kuiacha dini. Hao waulizwe wametoa nini tangu Ramadhani iliyopita.

Mama wa mapacha, Changamwe

Nashukuru kwa uzi huu. Swali langu ni la haraka kwa sababu siku zinakwenda. Mapacha wangu watafikisha miaka kumi na minane mwezi wa Novemba, na ndio wanafanya KCSE wakati huo huo. Baba yao, ambaye ni baharia na mara nyingi yuko nje, amekwisha kusema kwamba siku watakayochukua kitambulisho ndiyo siku ya mwisho ya yeye kutuma pesa. Je, sheria inamruhusu?

Jambo la pili: hatukuoana, na katika vyeti vyao vya kuzaliwa hakuna jina lake. Ananiambia kwamba kwa karatasi yeye si baba.

Msaidizi wa kisheria, Mvita

Mama mapacha, kwa kawaida wajibu wa matunzo hufika mwisho mtoto anapotimiza miaka kumi na minane, na katika hilo baharia wako hajakosea. Alipokosea ni kudhani kwamba kawaida hiyo haina mlango. Mahakama inaweza kuuendeleza wajibu wa mzazi kupita umri huo pale ambapo mtoto bado yuko katika masomo au mafunzo, au ana ulemavu au maradhi yanayomfanya ahitaji kutunzwa. Hata kijana mwenyewe aliyekwisha kutimiza miaka hiyo anaweza, kwa ruhusa ya mahakama, kuomba matunzo kwa ajili ya masomo yake. Ushauri wangu ni kwamba usingoje Novemba. Peleka ombi sasa, wakati amri ya matunzo ingali hai, na ambatanisha barua ya shule kuonyesha kwamba wako kidato cha nne. Watakapopata nafasi ya chuo, na huku wakijaza fomu za mkopo wa HELB ambazo nazo zinauliza habari za wazazi wote wawili, utafurahi kwamba jambo hili lilikuwa limekwisha kupangwa.

Kuhusu vyeti, cheti hakimzalii mtu mtoto wala hakimnyang'anyi. Kwanza, kama amekuwa akituma pesa kwa jina lake miaka yote hiyo, rekodi hizo ni ushahidi wa kutosha kuanza nao. Akikana, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha DNA. Pili, Mei mwaka wa 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu cha 12 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, kilichokuwa kikizuia jina la baba kuingizwa katika cheti cha mtoto wa nje ya ndoa bila ya ridhaa yake, kinapingana na Katiba. Kwa hiyo hata hilo la cheti lina njia yake. Ila usianze nalo. Anza na karo.

Msomaji wa miaka kumi na saba, Jomvu

Shikamooni wote. Nimepitia maandishi haya kwa simu ya mama yangu na nimeomba ruhusa yake kuandika.

Mimi ndiye mtoto anayezungumziwa katika nyuzi kama hizi, si wa mtu yeyote aliyeandika hapa, lakini nadhani tunafanana. Tangu nilipofika darasa la sita, mama aliacha kumpigia baba na akaanza kuniambia nimpigie mimi. "Mwambie babako sodo zimekwisha." Hebu fikirini msichana wa miaka kumi na mitatu akimwambia hivyo baba anayemwona mara mbili kwa mwaka. Nilijifunza kusema "nahitaji vitu vya shule", naye akaniuliza vitu gani, nikakata simu. Mwezi ule nilikaa nyumbani siku nne.

Simwombei mtu hukumu. Naomba tu kwamba mnapoandikiana makubaliano, au mnapokuwa mbele ya hakimu, vitu kama hivyo viandikwe humo kwa majina yake na kwa bei yake, ili nisiwe mimi wa kuvitaja kila mwezi. Na yule afisa akituuliza maoni yetu, atuulize bila mama wala baba kuwepo chumbani.

Baba wa watoto watatu, Kisauni

Mwanangu wa Jomvu, nimesoma maneno yako mara tatu. Binti yangu naye husema "vitu vya shule".

Mwanzisha uzi, Likoni

Nimerudi baada ya karibu miezi mitatu, kwa kuwa niliahidi kwa baadhi yenu kwenye ujumbe wa faragha kwamba nitaeleza yaliyotokea.

Nilianza kwa afisa wa watoto kama nilivyoelekezwa. Wito wa kwanza baba hakufika, alikuwa zamu. Wa pili alifika akiwa na sare ya kazi na uso wa mtu aliyekuja kupigana. Nadhani alitarajia nimwite mwizi. Afisa alimsomea nilichokuwa nimeandika, ukiwemo mstari unaosema kwamba hajakosa mwezi hata mmoja tangu mwaka wa 2015, baba akanyamaza, kisha akavua kofia. Sikuzidisha lolote juu ya mapato yake. Hati ya mshahara aliitoa mwenyewe kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nne.

Tulibishana, nisiwadanganye. Alisema ana mke na watoto wawili wadogo, na ni kweli, nao ni watoto kama wangu. Alipendekeza kijana ahamie kwake ili masurufu yaishe kabisa. Hapo afisa akasema atazungumza na kijana peke yake, nasi tukatolewa nje, tukakaa kwenye benchi moja kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi, hatuna la kuambiana isipokuwa joto. Kijana alitoka baada ya robo saa. Sijui yote aliyoyasema, na sikumwuliza. Afisa alitueleza mambo mawili tu: kwamba anataka kubaki Likoni wakati wa likizo, na kwamba asitumwe tena kuomba pesa kwa upande wowote. Nilipomkumbuka yule binti wa Jomvu nilijikunyata, kwa sababu hilo la kumtuma nami nililifanya, tena si mara moja.

Makubaliano tuliyoyatia sahihi, na ambayo yalipelekwa Tononoka yakawa amri badala ya ile ya zamani, ni haya: karo ya shule baba anailipa yeye mwenyewe, moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na ananitumia picha ya risiti. Ile 5,000 imekuwa 7,500 kwa ajili ya nauli, mavazi na matumizi ya likizo. Kijana ameandikishwa kama mtegemezi wake katika bima ya afya ya SHA, kwa kuwa baba anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi na haikuwa na maana mtoto abaki nje. Chakula na nyumba ni vyangu, kama awali, na mahitaji ya kuanzia muhula tunagawana kwa orodha ambayo shule inaipeleka kwetu sote wawili. Tumeandika pia kwamba kila Januari tutakaa na afisa kuangalia kama viwango bado vinafaa, hadi kijana atakapomaliza shule ya upili, na suala la chuo tutalitazama kabla hajafika miaka kumi na minane. Nilitaka 10,000. Yeye alitaka 6,000. Sikupata nilichokitaka, lakini karo peke yake ilikuwa imenielemea zaidi ya hiyo tofauti.

Wiki iliyopita, kabla ya shule kufunguliwa, baba alimchukua kijana hadi Marikiti kumnunulia viatu vya sare. Alinunua namba 43, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nimeiandika kwenye ombi langu. Vikambana. Wakarudi dukani, wakabadilisha, na jioni nikapokea simu ambayo haikuwa tarehe tano wala haikuhusu pesa. Alisema, "Mama fulani, huyu mtoto anavaa namba 44," kwa sauti ya mtu anayenipasha habari.

Nikamwambia ahsante, nilikuwa sijui.